Sheria za Ubelgiji Langoni Kwangu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Miaka sita, Chepkirui! Miaka sita mizima. Ndama uliyemwacha ananyonya sasa ni nyanya ya ndama wengine. Wewe unasema kazi, unasema baridi, unasema karatasi. Baridi hata sisi tunayo. Julai ya hapa Kimulot si mchezo. Na mjukuu wangu ana miaka minne, hajawahi kunusa moshi wa jikoni kwangu. Mtoto gani huyo?

Nakuandikia kwenye daftari kwa sababu simu ni ya uongo. Unasema "ndiyo mama, ndiyo mama," halafu mtandao unakatika palepale ninapoanza kukukemea. Daftari halikatiki. Utalisoma lote siku ukija, umekaa, hunijibu kitu.

Na usicheke mwandiko. Shule sikuiona. Kalamu niliishika nikiwa na miaka hamsini na miwili, kanisani, darasa la wazee. Mwalimu alisema naandika kama mtu anayechimba viazi. Sawa. Lakini viazi vilitoka.

Baba yako anakohoa. Tangu mvua za Mei. Miaka thelathini alikuwa akilisha kuni boila ya kiwanda cha chai, hakukohoa hivi. Sasa akipanda kutoka kwa ng'ombe hadi mlangoni anasimama mara tatu, anajifanya anatazama mawingu. Mimi najua hatazami mawingu.

Na nimemjua mwenye makosa. Mureithi! Yule wa duka la juu barabarani, anayenunua viazi na kabeji hapa kwetu kupeleka soko. Lori lake, lile Kanta, lina umri wako. Saa mbili asubuhi linapita langoni, moshi mweusi kama tako la sufuria. Unaingia uani. Unaingia kwa ng'ombe. Unaingia kifuani kwa mzee.

Nilikuwa sina dawa. Jana ukanipa mwenyewe bila kujua. Ulikuwa unalia kwenye simu. Eti Pasaka ulivuka bahari na gari lako kutoka Uingereza, ukaenda kumwona rafiki yako Nelvine huko Ubelgiji. Gari safi, halitoi hata pumzi. Lakini barua ya faini imekufuata hadi kwako. Kosa gani? Gari la kigeni halikujiandikisha kwenye kompyuta kabla ya kuingia mji ule. Kamera ikasoma namba. Hukumfukizia mtu moshi. Hukupiga hodi tu! Ukasema tena Ujerumani ni stika ya kijani kwenye kioo, hata utoke wapi, na gari la dizeli la zamani halipati stika, halipiti.

Wewe ulilia. Mimi nilikuwa nafurahi. Nisamehe. Hiyo ni serikali yenye adabu! Nimelala vizuri.

Jumatano, 16 Julai

Kazi imeanza.

Njia inayoshuka kutoka barabara kubwa hadi kituo cha majani chai ilikatwa ndani ya shamba la baba mkwe wangu. Aliitoa kwa mdomo, hakuna karatasi. Kitu kilichotolewa kwa mdomo naweza kukiwekea sheria kwa mdomo. Nimepima hilo jambo usiku na mchana, halina shimo.

Nimelaza mti wa mkaratusi juu ya panda mbili, katikati ya njia, karibu na lango letu. Unainuliwa upande mmoja. Stika nimekata kutoka kalenda ya kanisa ya mwaka juzi. Kijani kimetoka kwenye picha ya kondoo na malisho. Njano kwenye jua lake. Nyekundu ni karatasi ya sabuni. Gundi ni uji wa ngano.

Kijani: mkokoteni, punda, baiskeli, mtu anayetembea kwa miguu. Njano: pikipiki, kwa majaribio. Nyekundu: Mureithi. Na gari lolote linalotoka ng'ambo ya barabara kubwa ni la kigeni. Lazima dereva aje siku moja kabla, apige hodi, aseme jina, aseme gari lilizaliwa mwaka gani. Hata likiwa safi! Kama wewe ulivyofanyiwa.

Uliniambia pia huko magari ya wagonjwa yanasamehewa. Hiyo nimeitoa. Mureithi ninamjua. Nikiweka mlango wa wagonjwa, kila asubuhi atapakia mtu mmoja anayeshika tumbo juu ya viazi.

Kamera ni Beldina. Jirani yangu mjane, aliyeolewa hapa kutoka Kisumu. Baraza lake linatazama njia. Tangu nimjue hajapitwa na mtu bila kujua amebeba nini na kwa nini. Aliniuliza kamera inakula nini. Nikamwambia chakula cha mchana. Akaniuliza nyama iko? Nikamwambia kamera za Ubelgiji hazili kabisa. Akakubali maharagwe.

Mzee alitoka kutazama. Alishika ule mti, akaupima kwa mkono, akasema nimechagua mti mnyoofu. Miaka arobaini na tisa tumekaa pamoja na bado ananisifia kuni.

Ijumaa, 18 Julai

Ushindi! Halafu si ushindi.

Mureithi alifika saa mbili. Akakuta mti. Akatoa kichwa dirishani, akaniita kogo, yaani nyanya kwa lugha yetu, ambayo si yake, hiyo adabu anayo. Akauliza kuna msiba? Nikamwambia kuna sheria. Nikamweleza yote, Ubelgiji, Ujerumani, stika, hodi. Beldina akiwa nyuma yangu anasoma namba ya gari kwa sauti, mara mbili, kama anaita wanafunzi.

Akasema, "Kogo, mimi nilizaliwa Kedowa, si mbali. Shule nimesoma hapa hapa na watoto wako. Ugeni umeanza lini?"

Nikamwambia si wewe, ni gari. Gari lilizaliwa Japani.

Halafu akacheka. Lakini kicheko kilichelewa kufika, na mimi nilikiona kikichelewa. Sikupenda.

Akakubali kurudi nyuma, azunguke njia ya daraja, ile ndefu. Sasa kurudisha Kanta mlimani! Lilinguruma pale langoni kama robo saa. Moshi wa wiki nzima ulitoka siku moja. Uani hatukuonana. Mzee alikohoa hadi akashika nguzo ya zizi kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa kama majivu.

Nikasema basi, huo moshi hautamfikia tena. Mchana wote nimefanya kazi. Jikoni kwangu nimeziba dirisha kwa magunia mawili, juu yake plastiki. Ile nafasi kati ya ukuta na mabati nimeijaza matambara na udongo, pande zote nne. Hata tundu la panya. Mlango nimeuwekea blanketi kuukuu. Kisha nikamleta mzee nikamkalisha kwenye kigoda chake, karibu kabisa na mafiga, kwa sababu baridi ya sebuleni itamuua. Kuni zimelowa mvua, zinalia sana, lakini moto upo.

Sasa moshi wa Mureithi ubishe hodi hadi uchoke.

Jumapili, 20 Julai

Jana ilikuwa mbaya.

Lori la kiwanda linalochukua majani lilikuja bila hodi. La kigeni! Nikalisimamisha. Dereva akasema hana muda wa mchezo, akageuza, akaenda zake. Huko chini kwenye kituo wanawake walikuwa na magunia ya majani tangu asubuhi. Jua likatoka, lilichagua siku hiyo hiyo. Saa kumi majani yamekuwa mekundu, yananuka kama nyasi ya kulalia mbwa. Yakamwagwa.

Walinipandia hapa wote, vikapu mgongoni. Waliniita majina. Moja nimelipenda, nimeliweka, nitalitumia. Benard, naibu wa chifu, akaja na pikipiki yake, akaniambia nitoe mti. Nikamwambia kwanza atoe barua. Pili pikipiki yake ni ya njano na muda wa majaribio umekwisha. Akaondoka akitikisa kichwa. Tumekubaliana, yaani nimekubali peke yangu, lori la majani lipige honi mara tatu kule juu. Hiyo ni hodi.

Na stika zimekwisha. Uji wa ngano! Ng'ombe wa Beldina amezilamba zote kwenye baiskeli zilizoegeshwa kanisani. Baiskeli safi sasa hazina ushahidi.

Na kamera imekula rushwa. Beldina amempitisha mpwa wake na pikipiki yenye kelele, bila hodi, kwa samaki mmoja. Nilimkaripia hadi akalia. Ameapa kuanzia leo hapiti mtu, hata awe malaika, kama hajajiandikisha. Nikamwambia hivyo ndivyo kamera inavyosema.

Kanisani mzee hakwenda. Nilipomwambia yote alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi hakikugeuka kitu kingine kwa muda mrefu. Nilimpiga mgongo. Mgongo wake umekuwa mdogo, Chepkirui. Mkono wangu mmoja unaujaza.

Jumanne, 22 Julai

Dorine wa dispensari amekuja kumwona mzee. Nesi huyu ni wa miguu, hana gari, nikambandikia kijani kwenye mkoba kwa heshima.

Alipoinua blanketi la mlango alirudi nyuma. Akaingia tena ameziba pua kwa leso, machozi yanamtoka. Aliweka kile chombo chake kifuani kwa mzee, akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni. Halafu akatazama dirisha. Akatazama gunia. Akaniuliza nani ameziba. Nikamwambia kwa fahari, mimi.

Basi msichana akanifokea! Mimi! Akasema, "Kogo, moshi unaommaliza mzee ni huu, wa kuni zako, si wa gari la mtu. Umemfungia ndani yake." Eti boila ilianza kazi na jiko langu linaimalizia. Eti nitoe magunia leo, mzee alale sebuleni, awe mbali na moto, nipikie nje.

Nimemsikiliza. Mtu aliyetembea kilomita nne kwa miguu anasikilizwa. Lakini mtoto huyu amezaliwa kwenye jiko la gesi. Moshi wa kuni umeua nani? Nimelea watoto saba ndani yake. Vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, tunavisugua kwa mkaa wa mti, maziwa yanakaa, watu wanakunywa wanapata nguvu. Moshi wa kuni ni wa nyumbani. Wa dizeli ndio mgeni. Hata Ubelgiji hawajaweka sheria ya mafiga, au wameweka? Hukuniambia.

Nilitoa magunia yeye akiwepo, ili asinywe chai yangu na hasira. Alipofika kwenye kona ya shamba nikayarudisha. Kanta lilikuwa linasikika mbali.

Mzee nilimuuliza mwenyewe. Nikamwambia sema, unataka sebuleni au unataka hapa? Alikaa akikusanya pumzi kwanza. Akasema sebuleni hakuna mtu wa kuzungumza naye. Basi. Nikaongeza kuni.

Dorine ameacha namba ya gari la wagonjwa. Midomo ikiwa ya bluu nipige, nisingoje. Nimeiandika ukutani kwa mkaa, kubwa.

Ijumaa, 25 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Daftari liko magotini. Soma hivyo hivyo.

Saa nne asubuhi nilikuwa nakoroga uji. Nikamwambia mzee kitu kuhusu ng'ombe, hakujibu. Nikadhani amechoka na ng'ombe. Nikageuka. Midomo ilikuwa ya bluu. Rangi ya wino huu.

Nilipiga namba ya ukutani. Wakasema wanakuja. Nikamweka kichwa mapajani, nikamwimbia wimbo wa kanisa, ule anaoukosea kila mara. Hakuukosea. Hakuimba.

Tulingoja. Tukangoja. Nikatuma macho njiani, hakuna. Nikatoka nikipiga kelele kwa Beldina, je gari la wagonjwa limeonekana? Beldina akasimama kwenye baraza lake, ameninyooshea mkono kama askari. Akasema ndiyo, limekuja, ameliona, amelisimamisha. Ametazama orodha. Halimo. Hawakupiga hodi jana. Dereva alibishana, Beldina akakataa, akamwambia hapa hata malaika hapiti. Dereva akaona mti, akaona mama mzima ameukalia, akasema atazunguka njia ya daraja.

Njia ya daraja na mvua ile ya usiku! Limezama kwenye matope hadi mlangoni. Watu wanalisukuma mpaka sasa kwa ninavyojua.

Sikumpiga Beldina. Andika hiyo upande wangu. Alikuwa anatabasamu, Chepkirui. Alidhani nitamsifu.

Aliyekuja ni Mureithi. Sijui nani alimwita. Kanta lilishuka bila kupunguza mwendo, likauvunja mti wangu vipande vitatu. Aliingia jikoni, akasema "Yesu wangu," akabomoa gunia la dirishani kwa mkono mmoja, akambeba baba yako peke yake kama mtoto aliyelala. Tukamlaza juu ya magunia ya kabeji, godoro chini, mimi nyuma nimemshika. Mureithi alikuwa anaendesha huku akiita kila kona, "Kogo, bado anapumua?" Nikajibu bado. Kona nyingine, bado.

Moshi wa lile gari wote ulikwenda nyuma. Haukutufikia hata kidogo. Nilishangaa.

Wamemwekea bomba la hewa puani. Mureithi amekaa hapa kwenye benchi tangu mchana, kabeji zinaoza nje. Nimemwambia kongoi, asante. Nikampa njano. Ya mwezi mmoja tu. Ameitia kwenye mfuko wa shati, akajifuta macho.

Jumapili, 27 Julai

Baba yako ametuacha jana, saa tatu asubuhi.

Nilikuwa nimemshika mguu, kwa sababu mikono ilikuwa na mabomba. Aliniuliza kama nyumbani moto umewashwa. Nikamwambia umewashwa. Haukuwashwa, sisi sote tulikuwa hapa. Nilimdanganya mume wangu, na hayo ndiyo maneno ya mwisho.

Daktari alinikalisha chini. Alizungumza polepole. Akasema mapafu yalichoka kwa moshi wa miaka mingi, na kwamba wiki hizi za mwisho ziliyamaliza. Akaniuliza nyumbani tunapikia nini. Nikamwambia tunapikia chakula.

Moshi, alisema. Umesikia? Moshi! Hata yeye amesema. Tangu mwanzo nilisema nini?

Jumamosi, 2 Agosti

Tumemzika. Wewe ulikuwa ndani ya simu. Dorine alikushika juu ya vichwa vya watu ili uone. Uliona kaburi? Alikugeuza mara nyingi, nilimwambia asikutikise. Najua karatasi zako ziko ofisini huko tangu Juni na ukitoka sasa hurudi. Najua. Bado nimekasirika.

Magari yalikuja mengi kuliko sikukuu. Hakuna aliyejiandikisha. Mti mpya nilikuwa nimeulaza tangu alfajiri, mnene zaidi, na mnyororo. Benard alinisihi, wanawake wa majani wakanisihi, mchungaji akanishika bega. Nikasema leo yapite yote, isipokuwa moja. Gari la maiti lisimame.

Likasimama. Sijui nani alimfundisha yule dereva. Alishuka, akavua kofia, akasimama mbele ya mti kwenye tope na viatu vyake vyeusi. Akasema, "Hodi, mama. Namleta Alfayo arap Sang. Anatoka mbali, anaomba kuingia."

Nikafungua mwenyewe. Beldina aliangua kilio kwenye baraza. Yule ndiye kamera, bado ni wangu.

Mureithi ndiye aliyeleta viti na hema, safari tatu, hakuomba kitu. Watu walikohoa sana wakati wa chakula, hasa waliokuja jikoni kuchukua chai. Walitoka macho mekundu, wakasema ni huzuni. Mimi niliona Kanta limeegeshwa hatua ishirini kutoka pale, limezimwa lakini bado ni Kanta. Jioni nilimrudishia nyekundu. Kwa upole. Akasema, "Sawa, kogo," akanikumbatia. Kesho ananiletea viazi. Atazunguka njia ya daraja.

Dorine alinifuata hadi kwenye mafiga. Akanionyesha lile dirisha alilobomoa Mureithi. Akasema kogo, tafadhali, uliache wazi hivyo, kwa ajili yako sasa. Nikamwambia ndiyo, binti yangu, ndiyo. Kama wewe unavyoniambia kwenye simu.

Nimeliziba leo hii kwa matofali. Gunia halikuwa na nguvu. Na juu kwenye mabati nimeona tundu dogo tusiloliona mwanzo, nadhani ndilo lililomwingizia mzee ule moshi. Nimelikandika udongo.

Sasa sikiliza. Ukija, ukifika Nairobi unipigie siku moja kabla. Utaje gari, namba, na mwaka lililozaliwa. Ukifika kwenye mti ushuke, upige hodi. Usipitie sebuleni, kule ni baridi na hakuna mtu. Uje moja kwa moja jikoni, ushushe blanketi la mlango nyuma yako. Kigoda cha baba yako nimekiacha palepale, ukae hicho. Mtoto utanipa mimi. Nitampakata karibu na moto, hapo ambapo moshi wa mtu yeyote hauwezi kumfikia.